Dada wa Chamazi: hiyo milioni 9 usiongezee vyumba kwanza, anza na mita

Dada mmoja kaniandikia swali refu, nalifupisha ili na wengine walielewe. Anaishi Kibaha, ana nyumba ya vyumba sita vya singo Chamazi, kila chumba 50,000 kwa mwezi, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja kwa nyumba nzima. Wapangaji wanachanga 10,000 kila chumba na umeme unaisha tarehe 20, siku kumi zinazobaki ni ugomvi na giza. Chumba namba 6 kiko wazi tangu Februari, miezi mitano sasa. Watatu wanadaiwa, mkubwa wao ni kijana wa bodaboda wa chumba namba 4, miezi mitatu. Shemeji yake anamwambia amkatie umeme, akigoma ang'oe bati. Na yeye mwenyewe ametoka kuvunja kikoba, ana milioni 9 mkononi, fundi kamwambia zinatosha kuinua vyumba viwili vingine pale uani. Anauliza ajenge au asijenge, na huyu wa bodaboda afanywe nini.

Dada yangu, asante kwa kuandika na namba, wengi wananiandikia "biashara ya nyumba inalipa?" tu, siwezi kujibu kitu hapo. Wewe umenipa hesabu kwa hiyo na mimi nitakujibu kwa hesabu.

Usijenge sasa hivi. Na sio kwamba kujenga ni kubaya, ila nyumba yako ina tatizo moja linalozaa mengine yote, umeme wa LUKU moja, na ukiongeza vyumba viwili unalikuza tu.

Tuanze na hivyo vyumba viwili vipya. Vikipangishwa vyote bila kukaa wazi hata siku moja ni 100,000 kwa mwezi, 1,200,000 kwa mwaka. Toa kodi ya pango ya TRA (mamlaka ya mapato) asilimia 10, inabaki 1,080,000. Milioni 9 gawa kwa hiyo, ni miaka minane na kitu ndio hela yako inarudi. Sasa weka hali halisi ya nyumba yako, kwamba kila chumba kinakaa wazi miezi miwili kwa mwaka, unapata milioni 1, ukitoa kodi inabaki laki tisa, miaka kumi. Na hapo hatujaweka rangi, kitasa kilichoharibika, bati lililovuja wala mpangaji aliyehama usiku na deni. Na wale wapangaji wapya wanakuja kwenye LUKU ile ile na choo kile kile. Wale watano wanagombana, sasa watakuwa saba, nane.

Halafu angalia chumba namba 6. Miezi mitano wazi ni 250,000 imeshapotea, na hela hiyo hukuiona ikipotea kwa sababu hakuna aliyekuja kukudai. Mwenye nyumba mdogo anaumia na deni la mpangaji kwa sababu deni lina sura na jina, chumba kitupu hakina sura kwa hiyo hakimuumizi, na mara nyingi ndicho kimekula hela nyingi kuliko mdaiwa. Wa bodaboda anakula akili yako yote kwa 150,000, chumba kitupu kimekula zaidi na wala hukukiuliza.

Kwanini kiko wazi? Dalali ameleta watu, umesema mwenyewe, wanaangalia wanaondoka. Mimi nasimamia nyumba za watu huku Temeke na Kigamboni mwaka wa 14 huu, na nakwambia mtu anayetafuta singo ya 50,000 ana maswali manne: umeme mnachangia au kila mtu na wake, maji yanatoka, choo wangapi, na majirani wakoje. Akisikia umeme ni wa kuchangia na akamuona jirani ana friji, anamwambia dalali nitarudi. Harudi.

Sasa umeme wenyewe, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kwenye hela.

LUKU yako iko kwenye matumizi ya kawaida, ile TANESCO wanaita T1, bei ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inakuwa kama 356. Kuna daraja lingine la watumiaji wadogo, D1, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, bei ya msingi 100, na makato yake inakuwa 122. Hii ndio ile watu wanasema "mimi napata uniti nyingi". Uniti ile ile, umeme ule ule, tofauti karibu mara tatu.

Wapangaji wako mmoja mmoja ni watumiaji wadogo. Taa mbili, simu, tv, pasi jumapili. Ila kwa sababu wote wanapita kwenye mita moja, TANESCO anamuona mtu mmoja mkubwa. Fanya hesabu na mimi: mnachanga 50,000, inakatwa kodi ya jengo 1,500 inabaki 48,500, gawa kwa 356 mnapata kama uniti 136. Zinaisha siku ya 20, maana yake mnatumia karibu uniti 6.8 kwa siku, mwezi mzima mngehitaji kama 204. Uniti 204 kwa 356 ni zaidi ya 72,000. Uniti hizo hizo 204 kila mtu na mita yake kwenye D1 ni chini ya 25,000 nyumba nzima. Soma tena hapo dada. Tuseme dada wa friji wa chumba namba 1 anayeuza juisi na barafu anatumia 70 peke yake, analipa 8,540. Wengine wanne wanagawana zilizobaki, kila mmoja kama 33, wanalipa elfu nne na kidogo na umeme unafika mwisho wa mwezi. Leo wanalipa 10,000 na siku kumi wanakaa na mshumaa.

Yaani unaweza kumpunguzia mpangaji wako karibu 6,000 kwa mwezi bila kugusa pango lako hata shilingi. Hakuna zawadi nyingine kubwa hivyo utaweza kumpa mtu kwa bei hiyo.

Gharama yake: kuunganishwa umeme wa njia moja mjini, ndani ya mita 30 pasipo nguzo, ni 320,960 kwa kila mita ya LUKU. Mita sita ni 1,925,760. Juu yake kuna kutenganisha waya, maana nyumba yako ilifungwa kama nyumba moja, kila chumba inabidi kiwe na laini yake na swichi yake kubwa. Hii kazi mpe mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, asije fundi wa mtaani anayekwambia "ntakufungia bei poa", fomu za TANESCO zinataka mtu mwenye leseni na nyumba zikiungua huwa zinaanzia kwenye waya za namna hiyo. Chukua bei kwa wakandarasi watatu. Maombi unafanya mwenyewe kwa simu kwenye NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa kuomba umeme, andaa namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa).

Mita zikishafungwa usidhani kila moja itaanza D1 yenyewe. Risiti ya kwanza ya kila chumba chukua hela iliyonunua umeme gawa kwa uniti, ukiona inakuja mia tatu hamsini na kitu, basi iko T1, ombeni TANESCO wabadilishe, wao wanaangalia matumizi. Na waambie wapangaji ukweli kwamba ukivuka 75 neema inaisha, hasa huyo wa friji, akiongeza friji la pili la barafu ajue.

Kuna watu watakushauri mita ndogo, zile za kufunga ndani kila chumba halafu LUKU inabaki moja. Ni nafuu sana na zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini, kwa hiyo kama hela ingekuwa hakuna ningekwambia anza nazo. Ila elewa haziwapi D1, kwa TANESCO bado ni mita moja inayotumia 204. Wewe hela unayo, fanya kitu kamili.

Jambo lingine ambalo wenye nyumba wengi wanalikalia kimya na sio haki. Ile 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi ni kodi ya jengo, ilikuwa 1,000 ilipoanza 2021 ikapanda Julai 2023, ni 18,000 kwa mwaka, na ni kodi ya mwenye nyumba. Sio ya mpangaji. Wapangaji wako wamekulipia miaka yote hii kwenye ule mchango. Mita zikiwa sita nenda TRA na namba za mita zote uhakikishe jengo moja halikatwi mara sita, ikibaki inakatwa kwenye mita ya mpangaji fulani basi mpunguzie kwenye pango lake 1,500 kila mwezi. Mwambie mbele ya wenzake. Watu wanakumbuka vitu hivi, mpangaji anayejua humuibii hata akikwama anakuja kukwambia, hajifichi.

Sasa madeni. Ukisoma vizuri barua yako utaona wadaiwa wako sio wa aina moja. Fundi cherehani wa chumba namba 5 amekwambia halipi mpaka umeme ukae sawa. Huyo sio mdaiwa sugu, huyo ana malalamiko, mpigie leo umwambie mita zinakuja na tarehe. Mama wa chumba namba 2 anadaiwa mwezi mmoja na miaka yote minne hajawahi kuchelewa. Umeandika kwamba huwa unadai miezi sita kwa mpigo, sasa mama ntilie atatoa wapi 300,000 siku moja? Hela yake inaingia kila siku elfu tano elfu saba na inatoka kila siku. Unapomdai sita kwa mpigo anaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mwezi wa pili ameshafilisika na mtaji, na hapo ndio unampoteza mpangaji mzuri. Kwa anayeingia mpya chukua miezi mitatu, hiyo ndio inakulinda na mtu usiyemjua. Kwa aliyekaa mwaka na hana tatizo mruhusu kila mwezi, au hata kila wiki mbili, atume kwa simu kwenye namba moja ambayo ni ya nyumba tu, usiichanganye na hela zako za nyumbani. Ujumbe wa muamala ndio risiti yake na ndio daftari lako. Nimeona nyumba nyingi zilizokuwa na madeni kila mzunguko wa miezi sita zikatulia kwa badiliko hili peke yake.

Wa bodaboda wa chumba namba 4 ni habari nyingine. Miezi mitatu, simu hapokei, anarudi usiku wa manane. Hapo shemeji yako amepandwa na hasira na namuelewa, ila usifanye anachosema. Usikate umeme, usiweke kufuli, usiguse bati wala mlango. Mimi nilifanya. Mwaka 2016 nilikuwa na vyumba vyangu vinne Mbagala, mpangaji mmoja nilikuwa namdai miezi minne kwa 60,000, nikamfungia kufuli akiwa kazini. Akaenda kulalamika, akasema ndani kulikuwa na hela ya mchezo na redio, mimi sikuwa na ushahidi wa kilichokuwemo wala mkataba wa maandishi, nikaishia kusamehe deni lote la 240,000 na kumlipa juu yake ili yaishe. Na chumba kilikaa miezi mingine miwili bila mtu kwa sababu mtaa mzima ulisikia. Bado naona aibu kwa lile jambo, sababu yule kijana alilala nje siku mbili na mvua ilikuwa inanyesha.

Njia yenyewe ni ya taratibu. Unakaa naye, mjumbe akiwepo. Unasikiliza kwanza, pikipiki ya mkataba ikinyang'anywa kijana hana kazi kabisa, na huwezi kujua mpaka umuulize. Kama kazi ipo mnaandikiana, 50,000 ya mwezi pamoja na 15,000 ya deni, miezi kumi linaisha, wote mnasaini na mjumbe anasaini. Kama kazi hakuna, mi ningemwambia hivi: ukitoka tarehe 30 ukaniachia chumba kisafi na funguo, nakusamehe nusu, nusu utalipa ukipata. Najua inauma. Ila kila mwezi anaokaa unapoteza 50,000 nyingine, 75,000 ya kusamehe ni mwezi mmoja na nusu tu. Akikataa yote mawili unampa notisi ya maandishi. Huna mkataba naye wa maandishi na pango lake linahesabiwa kwa mwezi, kwa hiyo notisi isipungue mwezi mmoja. Ukiisha hajatoka, unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, tangu sheria ibadilishwe 2021 haliamui tena, kwa hiyo usipoteze miezi pale ukidhani utapata amri. Amri ya kumtoa inatoka baraza la wilaya na anayetekeleza ni dalali wa baraza. Shemeji hahusiki.

Na kuanzia sasa hakuna anayeingia bila mkataba. Karatasi moja inatosha: majina, namba ya NIDA, namba ya simu ya ndugu yake mmoja ambaye umempigia kweli ukaongea naye, watu wangapi watalala chumbani, pango na tarehe, notisi ya kutoka kwa pande zote mbili, umeme na maji nani analipa, taka na choo zamu zikoje. Mkasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Wale wa zamani nao waandikie, usiwaambie ni kwa sababu ya deni la mtu, waambie ni kwa sababu ya mita mpya, na ni kweli.

Choo hukukiuliza ila umekitaja kwa pembeni, ukasema mvua za mwezi wa nne shimo lilijaa na vijana "wakalitapisha" usiku, yaani wakaachia maji machafu yatoke nje. Dada hilo nakuomba kabisa lisirudie. Maji yale yanaenda kwenye visima vya majirani na watoto wanacheza humo, kipindupindu Dar tunakijua. Pia ni kosa, faini inakuja kwako mwenye nyumba sio kwa vijana. Shimo livutwe na gari la majitaka kabla ya masika, mwezi wa pili hivi, sio likishafurika. Bajeti yake iweke kwenye pango kila mwezi, mi huwa natenga elfu tano kwa kila chumba kwa choo na matengenezo madogo, chumba sita ni 30,000, mwaka 360,000. Watu sita saba na choo kimoja ni wengi, kwa hiyo kwenye ile hela yako jenga tundu la pili na sehemu ya kuogea inayofungika mlango. Akina mama wanaangalia sana mlango wa bafu.

Kwa hiyo milioni 9 mi ningeipanga hivi. Mita sita na kutenganisha waya, kisha tundu la pili la choo na shimo livutwe. Chumba namba 6 kipakwe rangi, kitasa kipya, kikipata na mita yake dalali atakuona wewe ndio wa kwanza kumletea watu. 900,000 iweke pembeni usiiguse, ni pango la miezi mitatu la nyumba nzima, ndio itakayokusaidia bati likiruka au wapangaji wawili wakihama pamoja. Kitakachobaki kiache benki au kirudishe kikoba mpaka mwakani. Vyumba vyote sita vikikaa na watu miezi kumi na miwili mfululizo, ndio tuongee kujenga, na hapo ningekushauri chumba kimoja masta chenye choo chake badala ya singo mbili, na uanze na kibali cha ujenzi manispaa.

Pango usipandishe mwaka huu. Mwakani ukitaka kwenda 55,000 waambie miezi mitatu kabla, hakuna atakayehama, kwa sababu anajua nyumba ya jirani ya 45,000 umeme ni wa kuchangia.

Notisi ya wa chumba namba 4, kama mazungumzo yakishindikana, usiandike matusi wala vitisho, andika hivi tu: "Ndugu (jina), chumba namba 4. Mpaka leo tarehe (…) unadaiwa pango la miezi mitatu, jumla shilingi 150,000. Tumezungumza tarehe (…) mbele ya mjumbe hatukufikia makubaliano. Nakupa notisi ya mwezi mmoja kuanzia leo, uwe umelipa au umekabidhi chumba ifikapo tarehe (…). Baada ya hapo nitapeleka suala hili Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya." Saini yako, saini yake, saini ya mjumbe. Akikataa kusaini mjumbe aandike kwamba amekabidhiwa akakataa. Nakala tatu, moja yake, moja ya mjumbe, moja piga picha uniwekee na mimi, nitaisoma kabla hujampa.